Maendeleo ya Petra Zastrow

Ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Wilaya ya Shule ya Elk Portage inawatangazia watumishi wote kwamba, kuanzia Jumatatu ya pili ya Kwaresima, ni marufuku kupasha moto samaki wa aina yoyote, mzima au kipande, katika maikrowevu ya ghorofa ya chini. Neno "samaki" katika tangazo hili linajumuisha supu. Mwenye malalamiko ayawasilishe kwa maandishi.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha mikutano, kwa kuwa ukuta wa jikoni ulikuwa umekwisha kujaa matangazo mengine. Kwa hiyo kila mzazi aliyeitwa wiki ile kuzungumzia hali ya mtoto wake alianza kwa kujulishwa msimamo wa wilaya kuhusu samaki. Colleen Zastrow alilisoma hadi mwisho, theluji ikiwa bado mabegani, kisha akaingia na kuvuta kiti.

"Mwalimu," alimwambia Arlys Tveit, "nani huyo kaleta samaki?"

"Msimamizi wetu, Dakta Haupt, anawashuku watu wa mabasi."

"Na supu nayo siku hizi ni samaki?"

"Kwa mujibu wa tangazo."

"Haya, tuanze, kabla hamjapiga kura kwamba mwanangu naye ni supu."

Colleen alifunga jibini katika kiwanda kilicho nje ya mji, na alikuwa na ulimi wa watu wanaofanya kazi wakiwa wamesimama. Alimwita Arlys "Mwalimu" kwa sababu Arlys ndiye aliyemfundisha darasa la pili, zamani, kabla ya kupanda na kuwa Mkurugenzi wa Elimu Maalumu wa wilaya nzima. Katika mji mdogo cheo hubaki pale watu walipokutana mara ya kwanza.

Kazi ya mkurugenzi wa aina hiyo ni kusimamia ahadi. Sheria inataka kila mtoto mwenye ulemavu aandikiwe, kila mwaka, hati inayoitwa Mpango, na iandikwe na watu walioketi meza moja na mzazi wake. Ndani ya Mpango lazima kuwe na malengo, na lengo, kwa lugha ya kazi hiyo, ni jambo ambalo mtoto halifanyi vizuri leo na ambalo atalifanya vizuri zaidi baada ya mwaka. Walioubuni utaratibu huu walikuwa watu wema, wenye imani thabiti kwamba watoto wote huelekea upande mmoja.

Petra Zastrow alikuwa akielekea upande mwingine. Alizaliwa kama watoto wengine, akatembea na kusema kwa wakati wake, na alipofika umri wa kwenda shule akaanza kujigonga kwenye milango. Madaktari walilipata jina la ugonjwa, nalo lilikuwa jina la daktari mwenzao aliyekwisha kufa, dawa hawakuipata. Ugonjwa ule hufuta. Ulianza na macho, ukahamia kwenye miguu, kisha ukageukia maneno na kuyaondoa mojamoja, bila pupa. Katika Kwaresima ile Petra alikuwa na miaka tisa. Alikuwa haoni tena, alilishwa kwa mpira uliopita tumboni, na degedege lilimjia bila hodi. Ndiyo sababu muuguzi, Renata Kubiak, alimpokea kwenye basi asubuhi na kumrudisha kwenye basi alasiri. Muuguzi huyo alilipwa na mpango wa matibabu wa jimbo. Pasipo yeye, hakuna mwalimu aliyeruhusiwa kuugusa ule mpira, na pasipo mpira hakukuwa na shule.

Neno moja lilikuwa bado imara. Katika chumba cha Mwalimu Neng Moua, baada ya kuisalimu bendera, mahudhurio yalisomwa kwa sauti, na kwa kuwa jina la Zastrow huangukia mwisho wa alfabeti, Petra ndiye aliyefunga orodha. Mwalimu Moua alipomfikia, darasa zima lilinyamaza. Naye akaitika "Nipo!" kwa sauti iliyozidi mahitaji, kama mtu anayemjibu jirani ng'ambo ya mto, na wenzake wakapiga meza kwa viganja. Hivyo ndivyo siku ilivyofunguliwa. Watoto wa chumba kile walikuwa na ulemavu wa kila namna na hawakukubaliana juu ya jambo lolote jingine.

Desturi ya mikutano hiyo ni kwamba kila aliyepo huanza kwa kutaja jambo jema kuhusu mtoto. Renata alisema Petra ni mvumilivu. Mwalimu Moua, kijana wa watu wa Hmong, jamii iliyohamia Marekani kutoka Asia, aliyezaliwa papo hapo Elk Portage na kufahamika zaidi kwa kuchelewa kunyoa nywele, alisema Petra anapenda kelele, na kwamba yeye binafsi hajapata mwanafunzi mwingine anayefurahia uimbaji wake.

"Mwaka juzi mlisema anapanda ngazi," Colleen alisema. "Mwaka jana mkasema anajua majina ya rangi. Mwaka huu anapenda kelele. Sitaki hata kujua mwakani mtasemaje." Aliweka glavu zake mezani. "Mimi nataka lengo moja. Moja tu. Andikeni: Petra ataendelea kusema 'Nipo' darasani kwa Mwalimu Moua, kadiri atakavyoweza. Nukta."

Mwalimu Moua aliiandika sentensi hiyo kwenye kompyuta. Mahali pa kiwango cha sasa aliandika kwamba mtoto huitika kila asubuhi. Mahali pa lengo aliandika kwamba ataendelea kuitika. Maandishi yakageuka mekundu.

"Inakataa," alisema. "Inasema lengo halijazidi kiwango cha sasa."

"Iambie ije kwangu ilale siku moja," Colleen alisema.

"Niachie mimi," Arlys alisema. "Nitaliweka sawa."

Colleen alimtazama kidogo, kama mtoto anayekagua kama hesabu ya mwalimu ni sahihi, kisha akatia sahihi pale alipoonyeshwa, akachukua glavu zake na kurudi kiwandani.

Arlys hakuwa mvivu wala mwoga, na ni haki kusema hivyo kabla ya kueleza alichofanya. Chumba kile kabla ya Moua kilikuwa na mwalimu mzuri, mwanamke aliyekuwa na wanafunzi wawili wa namna ya Petra. Alama nyekundu zilijikusanya kwenye jina lake hadi makao makuu ya jimbo yakamwandikia mpango wa kurekebisha utendaji, na mwisho wake akaacha kazi akaenda kuuza mapazia. Arlys alikuwa ameketi katika mikutano yote ya kumrekebisha. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza wale watoto walikuwa wanaumwa nini.

"Toa hiyo 'kila asubuhi'," alimwambia Moua mlango ulipofungwa. "Weka 'mara moja kwa wiki'. Kwenye lengo andika 'mara tatu'."

"Bosi, anaitika kila siku. Kila siku ya Mungu."

"Najua."

"Sasa 'mara moja' inatoka wapi?"

"Haitoki popote. Akianza chini kwenye karatasi, atapata pa kuangukia. Akifika mara tatu mwakani, na wewe unajua atafika mara tatu akishuka kutoka mara tano, mfumo utasema amepanda. Wewe hutapata alama nyekundu. Na mama yake ataacha kupokea barua kila baada ya miezi mitatu ya kumweleza mtoto kapoteza nini."

"Mama yake hakuomba hivyo."

"Mama yake ameomba lengo. Hili ndilo linalopita."

Moua alijikuna kisogo. "Mama yangu mimi angeniuliza, 'Kama ni jambo zuri, mbona mmefunga mlango?'"

"Mama yako hajawahi kuandika Mpango."

"Hajawahi, kweli," alisema, na akaandika. Maandishi yakawa meusi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote juu ya anayeyaficha maradhi ya mtoto wa mwenzake kwa nia njema, pengine kwa kuwa hawakudhani itafikia huko.

Mwaka ule kulikuwa na Petra wawili. Yule wa darasani, kufikia majira ya majani kupukutika, aliitika akichelewa. Mwalimu Moua aliita jina na kungoja, na darasa likajifunza kungoja naye. Hata kijana mmoja ambaye hakuwahi kutulia tangu aanze shule alikaa akiwa amevishika viganja vyake hewani, tayari. Theluji ilipoanguka, zilikuwepo asubuhi ambazo midomo ilisogea na sauti isitoke, na watoto, baada ya kushauriana kwa macho, wakaamua kwamba midomo inatosha. Wakapiga meza.

Petra wa pili, yule wa kwenye mfumo, alipanda kutoka mara moja kwa wiki hadi mara tatu, akalifikia lengo kabla ya muda. Kwenye ripoti ya wilaya alikuwa miongoni mwa waliopiga hatua kubwa. Dakta Haupt alimsimamisha Arlys kwenye ukumbi kumpongeza.

"Yule mtoto wa Zastrow! Nilidhani habari zake ni mbaya. Mnafanya nini kule?"

"Tunamngoja," Arlys alisema.

"Safi sana," alisema Dakta Haupt, akaenda zake.

Barua ya mpango wa matibabu wa jimbo iliwasili kwa akina Zastrow mwezi wa Juni, shule zikiwa zimefungwa. Colleen hakuituma kwa posta kwenda ofisini. Aliileta mwenyewe kwa Arlys adhuhuri, Arlys akiwa amepiga magoti kati ya miche ya nyanya, na akasimama mbele yake akimzibia jua.

"Soma, Mwalimu. Soma kwa sauti."

Arlys alivua glavu za bustani akasoma. Mpango wa matibabu ulikuwa umepitia hali ya mgonjwa kama ufanyavyo kila mwaka. Umezingatia, pamoja na maelezo ya daktari, kumbukumbu rasmi za shule zinazoonyesha maendeleo ya kuridhisha katika mawasiliano na ushiriki darasani. Kwa kuzingatia maendeleo hayo, muuguzi wa saa za shule hahitajiki tena.

"Maendeleo gani?" Colleen aliuliza. "Nikasema hawa wamemchanganya na mtoto wa mtu mwingine. Nikaenda kabatini nikatoa huo Mpango wenu. Nimeusoma wote, mpaka kurasa za nyuma zile hakuna anayesoma. Unasema mwaka jana Kwaresima Petra alikuwa anasema 'Nipo' mara moja kwa wiki. Nani huyo kasema?"

"Mimi."

"Alikuwa anasema kila siku."

"Ndiyo."

"Kila siku, Mwalimu! Ilikuwa ndiyo kitu pekee alichobakiza. Ukakichukua karatasini kabla ugonjwa haujakichukua."

Arlys alianza kueleza habari za alama nyekundu na za yule mwalimu aliyeishia kwenye mapazia. Alieleza kwa mpangilio mzuri, kama alivyozoea, na katikati ya maelezo akasikia jinsi yalivyokuwa mazuri, akanyamaza.

"Wewe ndiye ulinifundisha kusoma," Colleen alisema, bila kupandisha sauti. "Wote walisema mimi bongo zito, baba yangu mwenyewe alisema. Ulinikalisha mpaka nikajua. Ndiyo maana siku ile nilitia sahihi bila kusoma. Nilisema, kama kaandika yeye, nisome nini?"

Miche ya nyanya ilikuwa bado midogo, imefungwa kwenye vijiti kwa vipande vya soksi kuukuu.

"Nitawaandikia," Arlys alisema. "Nitasema nilidanganya, na nilivyodanganya."

"Watakufukuza."

"Labda. Sijawahi kuwaona wakifanya jambo kwa haraka kiasi hicho."

Colleen hakucheka, wala Arlys hakuwa amekusudia kuchekesha. "Mimi sitaki ufukuzwe," Colleen alisema. "Ufukuzwe, unisaidie nini? Mimi nataka Septemba mwanangu aingie kwenye kile chumba, aitwe jina, asikie wale watoto wanavyopiga meza. Haoni, Mwalimu. Anajua yuko shule kwa zile kelele. Nyumbani ni mimi na friji."

Arlys aliandika siku hiyohiyo, kwa ofisi mbili. Mpango wa matibabu ulijibu kwamba hauwezi kupokea maelezo yanayopingana na kumbukumbu rasmi ya shule, na kwamba utayaangalia mara kumbukumbu hiyo itakaposahihishwa. Idara ya elimu ya jimbo ilijibu kwamba, kutokana na barua yake, imefungua uchunguzi, na kwamba kumbukumbu inayochunguzwa haiwezi kusahihishwa hadi uchunguzi ukamilike. Barua zote mbili zilimshukuru kwa uwazi wake. Ilhali uongo ulipita mfumoni kwa dakika chache, ukweli ulipewa namba ya jalada.

Renata Kubiak alingoja hadi mwisho wa Agosti. Kisha akachukua kazi katika hospitali ya mji mkubwa wa kusini, kwa kuwa muuguzi asiye na mgonjwa naye hula. Alimwachia Colleen namba ya simu, na shuka dogo alilokuwa akimkunjia Petra chini ya shingo kwenye basi.

Shule zilifunguliwa. Kila asubuhi Mwalimu Moua aliita majina yote, likiwemo la mwisho, akangoja kama ilivyokuwa desturi, na chumba kikangoja naye. Kisha akaandika kwamba hayupo, kwa ruhusa. Wiki ya pili msichana mmoja aliuliza kama Petra amekufa. Moua alimjibu kwamba hajafa, yuko nyumbani, anasubiri karatasi. Msichana aliliona jibu hilo kuwa la kawaida, kwani hata kiti chake cha magurudumu kilichukua mwaka mzima.

Ijumaa Moua alianza kwenda kwa akina Zastrow baada ya kazi. Hakumwomba mtu ruhusa, na Arlys, ambaye angepaswa kumpa au kumnyima, alijitahidi asijue. Moua alikaa kwenye kigoda kando ya kochi la Petra akasoma mahudhurio, majina yote, kwa sauti ile ile ya darasani. Ijumaa ya kwanza Petra aliitika. Colleen alipiga meza ya kahawa hadi vikombe vikaruka. Oktoba ilikuwa midomo tu. Mwishoni mwa Oktoba Moua alimpitia Arlys katika chumba cha mikutano, akasimama mlangoni, chini ya tangazo la samaki ambalo hakuna aliyelibandua.

"Leo twende wote, bosi."

"Sidhani kama natakiwa kule."

"Hutakiwi. Twende."

Colleen aliwafungulia mlango. Alimwona Arlys, akasogea pembeni apite, na hiyo ikawa salamu. Kulikuwa na bakuli la viazi na nyama ya kusaga juu ya jiko, lililoletwa na kanisa, kwani mji ule huzungumza na wafiwa kwa viazi na wakati mwingine huanza mapema. Petra alikuwa amelala ubavu, amekonda, shuka la Renata chini ya shingo. Nywele zake zilikuwa zimesukwa vizuri sana.

Mwalimu Moua akaketi akaanza. Aliita jina la kwanza, akajiitikia mwenyewe "Nipo" kwa sauti ya mtoto yule. Akaita la pili, akajiitikia kwa sauti ya pili. Alikuwa amezishika zote, zenye kigugumizi na zenye mikwaruzo, na ile ya kijana asiyetulia, ambaye huitika kabla ya kuitwa. Kisha akafika mwisho.

"Petra Zastrow."

Wakangoja. Friji iliunguruma, ikanyamaza.

"Ita tena," Colleen alisema.

"Petra Zastrow."

Nje lilipita lori la maziwa, likabadilisha gia kwenye kona, na Petra akageuza kichwa polepole kuufuata mlio hadi ulipopotea. Uso wake ulikuwa na usikivu mkubwa. Midomo haikusogea.

Baada ya muda Colleen alipiga meza ya kahawa kwa kiganja, mara moja. Moua akapiga. Walimtazama Arlys, na Arlys akainua mkono, akaushusha mezani, kwa sauti ndogo mno.

"Kwa nguvu, Mwalimu," Colleen alisema. "Haoni."

Alipiga kwa nguvu.

Shauri lililotokana na uchunguzi wa jimbo lilipangwa kusikilizwa wiki ya tatu ya Novemba, likaahirishwa, kwa sababu hiyo ni wiki ya kuwinda kulungu. Kwetu huku hakuna ndoa, kesi wala mazishi yanayoweza kusubiri yanayopangwa wiki hiyo. Msikilizaji wa shauri alikuwa msituni, wakili wa wilaya alikuwa msituni, na Duane Zastrow, baba yake Petra, dereva wa safari za mbali asiyesema sana, naye alikuwa msituni, kwa kuwa friza lazima lijae. Colleen hakulalamika. Alisema kulungu ndio pekee katika shauri lote waliofika kwa tarehe waliyopangiwa.

Walikutana Desemba katika maktaba ya shule ya msingi, kwenye viti vya watoto. Msikilizaji wa shauri, mwanamke mtulivu aitwaye Eckes, alikuwa amesoma kila karatasi, na hilo lilionekana.

"Ulijua kwamba kiwango ulichoandika si cha kweli?" alimuuliza Arlys.

"Nilijua."

"Kwa nini basi ulikiandika?"

"Cha kweli kilikataliwa. Mfumo haupokei lengo la kubaki pale ulipo."

"Haupokei kwenye safu ya malengo," Bi. Eckes alisema. "Chini ya ukurasa kuna nafasi ya maelezo. Mtoto mwenye ugonjwa wa namna hii, unaandika pale kwamba anatarajiwa kupoteza uwezo, na alama nyekundu inaondolewa na mtu kule makao makuu. Ndiyo kazi yake."

"Nafasi hiyo imekuwepo tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Ni kwamba wilaya nyingi haziitumii."

Mwalimu Moua alifumba macho. Arlys aliuangalia ukurasa aliosogezewa. Alikuwa ameushughulikia ukurasa huo kwa ajili ya mamia ya watoto, miaka nenda miaka rudi. Nafasi ilikuwepo, tupu, na hapakuwa na kikomo cha maneno.

"Bi. Zastrow," Bi. Eckes alisema, "una jambo la kuongeza?"

"Niliomba sentensi moja," Colleen alisema. "Kumbe ingeenea."

Bi. Eckes aliandika hayo pia.

Uamuzi ulitoka Januari. Wilaya ilikuwa imekwisha kutangaza nafasi ya muuguzi kwenye gazeti, redioni na kanisani. Katika kaunti nzima walikuwepo wawili waliofaa, wote wakiwauguza mama zao. Petra hakuwa ameitika tangu Oktoba. Sasa hakugeuka tena kwa malori. Mwalimu Moua aliendelea kwenda Ijumaa. Arlys alikwenda naye, na Colleen alikuwa amemwekea kiti bila kusema ni chake. Barua ilipofika, Colleen alimpa aisome kwa sauti, na Arlys akaisoma kwa mwendo ule aliowasomea watoto wa darasa la pili, akisimama kwenye kila nukta.

Imebainika kwamba taarifa za wilaya kuhusu mwanafunzi P. Z. hazikuwa za kweli, na zitasahihishwa. Mkurugenzi wa Elimu Maalumu atahudhuria mafunzo ya siku mbili juu ya uandishi wa malengo. Mwanafunzi ana haki kamili ya kuwepo katika chumba cha Mwalimu Moua, akiwa na muuguzi, kila siku ya masomo. Wilaya inaagizwa kumpatia muuguzi huyo mara atakapopatikana. Hadi hapo, jina la mwanafunzi litaendelea kuitwa katika mahudhurio ya kila asubuhi. Shauri limefungwa.